Nyumba Yetu Ilikuwa na Injini

Juzi nilikuwa soko la Custom, hapa Juba, nikitafuta betri ya sola ya nyumbani kwangu. Muuzaji, kijana Mkenya mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, akafungua mlango wa stoo ili anionyeshe nyingine, na harufu ikanipiga puani. Mayai viza. Akaomba radhi, akasema kuna betri inachajiwa kupita kiasi huko nyuma, nisijali. Kwa kweli sikujali hata kidogo. Nilisimama pale nikiivuta ile harufu kama mtu anayenusa kanga ya mama yake, mpaka kijana akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa sana. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya nyumba niliyokulia, na ya msimu ambao mama yangu alikataa kushindwa na gari?

Sisi tuliorudi Juba tukiwa watoto tunajua kwamba kila familia ilirudi na chake. Wengine walirudi na mabati, wengine na cherehani, wengine na vyeti vya shule za Kenya vilivyofungwa ndani ya nailoni ili visilowe. Sisi tulirudi na basi. Lilikuwa basi dogo, kuukuu, ambalo zamani lilitumika kama zahanati ya kutembea huko Turkana. Baba alilinunua Kitale likiwa limeachwa nyuma ya gereji, majani yamelipanda mpaka madirishani. Yeye alikuwa dereva wa malori, mtu wa kushika spana kabla hajashika kikombe cha chai. Alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: vitanda vya kukunja, rafu za vyombo, tangi la maji juu ya paa, pazia la kitenge la kutenga upande wao na upande wetu. Kabati la dawa likawa kabati la unga. Ukutani palibaki picha ya mtoto anayepigwa sindano, na mimi nilimwonea huruma kila nilipolala, kwa sababu sindano yenyewe haikuisha.

Tulipita Lokichoggio, tukapita Kapoeta, vumbi likituingia hata kwenye miswaki, tukaingia Juba bila kulala nyumba ya mtu hata siku moja. Baba akaegesha mtaa wa Hai Malakal, kwenye kiwanja cha rafiki yake wa ujana, Mzee Lado, ambaye wakati huo alikuwa bado Khartoum. Pale ndipo tukawa watu wa mtaa, watoto wa nyumba yenye magurudumu.

Tulikuwa watatu. Opio na Acen ni mapacha. Mimi nilizaliwa nyuma yao, na kwetu Waacholi msichana anayewafuata mapacha huitwa Akello, kwa hiyo hata jina langu ni habari ya watu wengine. Mama alijulikana na wote kama Mama Pacha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita Mama Akello, na nalisema hili bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Nyanya alikuwa amemwachia mama agizo moja lisilopingwa: anachopewa pacha mmoja, apewe na mwenzake, la sivyo yule aliyenyimwa ataugua. Opio akipata kaptula, Acen anapata sketi. Opio akimeza dawa ya minyoo, Acen anameza na yeye. Siku moja Opio alichapwa kwa kuvunja kioo cha watu, na Acen, ambaye saa hiyo alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, alipofika nyumbani akapewa fimbo yake moja ndogo, ya heshima. Mimi nilirithi kaptula na sketi zikiisha kuchoka.

Sasa, basi lile lilikuwa na betri mbili kubwa, zimekaa bega kwa bega ndani ya sanduku la chuma chini ya ngazi ya mlango. Zilikuwa zimeunganishwa kwa kufuatana, umeme ukipita katika moja ndipo uingie katika nyingine, kwa sababu injini ya ukubwa ule haiamki bila nguvu ya betri mbili. Lakini redio, taa yetu na chaja za simu zilitaka nguvu ya betri moja tu. Baba akafanya kile walichofanya madereva wengi wa barabara ile. Akachukua waya mwekundu, akaufunga kwenye betri moja peke yake, ile ya kushoto, akaupitisha kwenye tundu la bati na kuufikisha ndani. Siku alipoumaliza, redio ikatoa wimbo wa kwaya, na mama akacheza akiwa na mwiko mkononi. Namkumbuka baba akimtazama, mikono imejaa grisi, amefurahi kupita kiasi.

Majirani wakasikia kwamba kuna umeme usio na kelele ya jenereta. Wakaanza kuleta simu. Jirani akikuletea simu yake imezima, unaipokea, huna la kuuliza, na sisi tuliokuwa wageni ndio tuliopaswa kupokea zaidi. Zilipangwa kwenye rafu kama mikate, zote zikinyonya kutoka kwenye ule waya mmoja mwekundu.

Baba hakukaa Juba muda mrefu. Aliugua, tukahangaika, tukamzika. Watu walijaa kiwanjani, wakala, wakalia, wakaondoka. Sisemi zaidi, maana kila mtu wa rika langu ana wake wa kumsimulia. Mama akabaki na cherehani yake ya kushonea sare za shule, watoto watatu, na basi. Kila Jumamosi aliwasha injini na kuiacha ingurume kidogo, kama baba alivyokuwa akifanya ili betri zipate chakula. Hakujua kuendesha. Alijua kuzungusha ufunguo tu, na baada ya hapo alikaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele, ukutani kwa jirani.

Harufu ilianza wakati huo. Ilikuja kila Jumamosi, injini ikiwa inanguruma, na ilitoka chini ya mlango. Kuku wa Mama Keji, jirani yetu wa upande wa choo, alikuwa na tabia ya kujificha chini ya basi, kwa hiyo hatukuhitaji upelelezi. Kuku ametaga na mayai yameoza. Tuliingia chini kwa matumbo, sisi watatu, tukatafuta kwa vijiti na kwa mikono. Tulipata kijiko, kandambili ya mguu mmoja, manyoya, hakuna yai. Opio akatoa hukumu kwamba nyoka ameyameza mayai na sasa anapumua huko ndani. Acen akaunga mkono, kama kawaida yao. Mama alienda kumwomba Mama Keji amfungie kuku wake. Mama Keji akasema kuku wake si mchafu, anatoka ukoo mzuri, na harufu yetu tuitafute kwetu. Walikaa siku nyingi wakisalimiana kwa kichwa tu. Kumbe mwenye haki alikuwa kuku.

Halafu Mzee Lado akarudi. Alikuwa mtu mpole, amezeeka kuliko alivyosimuliwa, na alimlilia baba kwa machozi ya kweli, ameushika mlango wa basi. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakohoa, akasema alilojia.

"Malesh, samahani, Mama Pacha," alisema. "Mimi nimechoka kukaa kwa nyumba ya watu. Nataka kujenga. Arabiya, gari yenu hii, itoke kabla ya mvua. Mvua ikianza, hapa ni tope tupu, haitatoka tena. Kalas, hapo nitaita watu waikate."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilituuma. Tulikuwa na mahali pa kwenda: baba aliacha kiwanja kidogo Gumbo, ng'ambo ya daraja, kilichokuwa na nyasi na mawe manne ya mpaka. Kilichotakiwa ni basi kufika huko. Mama akamwambia Mzee Lado asante, basi litatoka. Jumamosi iliyofuata akazungusha ufunguo. Ikalia "tik". Akazungusha tena. Tik. Alirudia mpaka hata hiyo tik ikakataa kutoka.

Baba mdogo, Okot, mdogo wake baba, alikuja kutoka Bilpam alikokuwa akiishi. Alikuwa na moyo mzuri na haraka ya kumaliza mambo. Alizunguka basi, akapiga tairi teke, akasema liuzwe chuma. Mapacha atawachukua yeye, kwa kuwa mapacha hawatenganishwi. Mimi ningepelekwa kwa shangazi Gulu, Uganda. Mama angepata chumba cha kupanga na cherehani yake, na mambo yakitulia tungekutana tena. Aliyapanga yote hayo akila karanga. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, juu kabisa ya lile sanduku la betri, nikasikia maisha yangu yakipelekwa Gulu. Tangu siku hiyo niliichukia karanga, na sijaisamehe mpaka leo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia: "Shemeji, nimekimbia mara nyingi katika maisha yangu, na kila mara niliacha mtu au kitu nyuma. Hili basi ndilo la kwanza nililopata ambalo linabeba kila mtu. Litatoka hapa na sisi tukiwa ndani."

Kesho yake akanishika mkono tukaenda Custom. Wauza betri walimpokea kama malkia. Wa kwanza alisema betri zake zimekufa, anunue mbili mpya. Wa pili alisema hivyo hivyo, akaongeza soda. Mama alininywesha mimi ile soda, akauliza swali ambalo hawakulipenda. Ziliuawa na nini? Wakasema uzee. Mama akasema mume wake alizinunua mpya Kitale kabla ya safari.

"Nikinunua zingine kabla sijajua kilichoua hizi," aliwaambia, "nitakuwa nimenunua maiti mbili."

Wakacheka, akacheka nao, lakini hakununua. Alikwenda kibanda hadi kibanda akiuliza swali lile lile, nami nikivutwa nyuma, miguu inawaka, mpaka tukamkuta fundi wa umeme wa magari, Mganda aliyeitwa Kato, ameinamia lori. Yeye hakutaja uzee. Alimuuliza mama betri zimefungwaje na zinafanya kazi gani nyingine. Mama akamtajia redio, taa, simu za mtaa mzima. Kato akachukua mfuko wake wa vyombo.

Kabla hajafungua sanduku, mimi nilikuwa tayari na jibu langu. Nilikuwa nikilichungulia lile sanduku tangu tulipotafuta mayai. Betri ya kushoto ilikuwa na waya wa baba, inavutwa, inaguswa, inatembelewa. Ya kulia ilikuwa haina kitu, imekaa tu. Nilijua kilichotokea kama nilivyojua jina langu: zilikuwa pacha, na mmoja alinyimwa. Yule wa kulia alikuwa akioza kwa huzuni. Nilikuwa nimeshaanza kumpelekea vitu, ua la njano siku moja, na kipande cha mandazi siku nyingine, nikiviweka juu ya kifuniko. Nilipomwambia mama haya mbele ya fundi, Opio alicheka mpaka akashika mbavu. Kato hakucheka. Alipima betri moja moja kwa mita yake, akafungua vifuniko, akachungulia. Ya kulia ilikuwa imekaukiwa maji, na ndiyo iliyokuwa ikinuka. Ya kushoto ilikuwa na maji lakini haina nguvu kabisa.

"Mtoto naona vizuri," alisema. "Hii iko pacha. Lakini yeye nageuza hadithi." Akawaita Opio na Acen, akawasimamisha mbele ya mama. "Mama, huyu nalima siku mzima. Huyu nalala. Jioni wewe napa wao sahani sawasawa. Huyu ya kulala iko shiba, bado wewe nasukuma chakula kwa mdomo. Si atatapika? Hiyo ndiyo harufu. Na huyu ya kulima, chakula naisha, bado iko na njaa. Kila Jumamosi hivyo hivyo."

Acen, aliyesimamishwa upande wa waliolima, akamtazama pacha wake kwa hasira kana kwamba ni kweli. Mama akaziinamia betri. Alikuwa ameelewa, na mimi nikamwona akielewa. Injini iligawa sawa kwa sawa, kama nyanya alivyoagiza. Lakini nyanya hakuwahi kumtuma pacha mmoja shambani peke yake. Betri hazikufa kwa uzee, na Kato akasema huenda hata hazijafa. Waya ndio uliokuwa ukiziua.

Baba mdogo alikuwepo siku hiyo, alikuja kuona kama mama ameshachoka. Fundi alipotoa koleo, yeye akasimama. Alisema ule waya ulifungwa na mkono wa kaka yake. Huo ndio ulikuwa wimbo wa nyumba ile. Kuukata mbele ya fundi wa kuokota sokoni ni kumwita marehemu mjinga. Leo, nikiwa mkubwa, najua kwamba hakuwa akipigania waya. Mapacha wakaangalia chini. Mimi nikaanza kulia, kwa sababu nilimkumbuka mama akicheza na mwiko, na nilidhani ukikatwa waya, na ile siku inakatwa.

Mama alikaa kwenye ngazi. Akaugusa ule waya kwa kidole, kuanzia kwenye betri mpaka pale ulipoingia kwenye tundu la bati. Halafu akanyoosha mkono apewe koleo.

"Aliufunga kwa kutupenda," alisema. "Na alikosea. Yote mawili ni kweli, shemeji. Mimi ndiye niliyebaki na yote mawili."

Kato akamzuia mkono kwa adabu, akamwonyesha kwamba kwanza unafungua nati ya hasi, ile inayoshika mwili wa gari, ili koleo lisije likagusa bati na kutoa cheche. Ukimaliza kazi, hasi inarudi mwisho. Mama akaitoa hasi. Kisha akaukata waya wa baba kwa mkono wake mwenyewe, bila haraka, na akakaa pale akipumua kama aliyetua mtungi. Baba mdogo alikuwa amegeukia ukuta. Baadaye aliomba maji ya kunywa, akavua shati, akasaidia kubeba betri.

Zilipelekwa gereji zikachajiwa taratibu, kila moja peke yake, mpaka zikafika kimo kimoja. Ya kulia iliongezwa maji ya betri, yale yasafi ya dukani, na mama alitishia kumvunja mguu yeyote atakayetia ya kisimani. Zikarudi. Si kama mpya, lakini zikarudi. Na mama akageuka kuwa mtu ambaye hatukumjua. Alimsumbua Kato kwa maswali mpaka Kato akawa anajibu kabla hajaulizwa. Alijua umeme unatoka wapi, unapita wapi, na unarudije kupitia mwili wa gari. Akaufuata waya wa kurudishia mpaka kwenye chasisi, akakuta kutu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Aliosha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, akavipaka mafuta ya mgando. Pale waya zilipopita kwenye bati lenye makali, alikata kandambili yangu iliyokuwa imenibana, akatengeneza vipete vya mpira vya kuzikinga. Sisi watoto tulikuwa tukiruka kamba tukiimba, "Hasi hutoka kwanza, hasi hurudi mwisho," na watoto wa Mama Keji wakauchukua wimbo bila kujua ni wa nini.

Alinunua betri ndogo ya mitumba kwa ajili ya nyumba peke yake, ikalishwa na kipande cha sola juu ya paa. Waya mwekundu ule ule ukatumika, maana waya wenyewe haukuwa na kosa, ila safari hii ulitiwa fyuzi karibu kabisa na betri, ili ukipata hitilafu ife fyuzi na si nyumba. Zile mbili kubwa zikapewa swichi kubwa ya kukata umeme wote, yenye mpini mwekundu unaochomoka. Mpini huo mama aliuvaa shingoni kwenye uzi mmoja na msalaba wake. Jirani akija na simu mchana wa mawingu, aliambiwa kwa upole kwamba leo haiwezekani. Wapo walionuna. Walisema Mama Pacha tangu awe mjane amekuwa na mkono wa birika. Alisikia, akaendelea kushona sare.

Kisha shemeji yake Mama Keji akafariki, na waombolezaji wakajaa kwao. Wazee wakaja kuomba umeme wa taa na wa spika ya maombi. Jambo kama hilo hukatai, hata kama hamjasalimiana kwa sababu ya kuku. Lakini siku hizo mvua ilikuwa imeshanusika hewani, na betri ya nyumba ilikuwa ndogo. Baba mdogo akamnong'oneza mama awape zile kubwa, jioni moja haina madhara. Mama akasema hapana, na hakunong'ona.

"Zile si za taa. Zile ni za kuwatoa watoto wangu hapa."

Akafungua betri ya nyumba, akajitwika kichwani, akawapelekea wafiwa yeye mwenyewe, akaifunga taa yao kwa mkono wake, akakaa kulia nao. Sisi tukala ugali gizani siku zote za msiba. Nilikasirika. Nilimwambia kuna umeme mwingi pale chini ya ngazi, umelala bure. Akanijibu kwamba haujalala, unasubiri. Mama Keji alirudisha betri msiba ulipokwisha, pamoja na kuku. Si yule, lakini wa ukoo ule ule.

Siku ya kuhama ilikuwa na mawingu mazito upande wa mlima. Mafundi wa Mzee Lado walikuwa wamefika na majembe, wamekaa ukutani wakitazama kama watu waliolipia tamasha. Baba mdogo ndiye angeendesha. Vyombo vilifungwa, cherehani ikalazwa kitandani kama mgonjwa, nasi tukakaa sakafuni tukishikana mikono, mapacha pembeni na mimi katikati, mahali ambapo sikuwahi kupewa kabla ya hapo. Mama alishuka, akatia mpini mwekundu mahali pake, akaugeuza. Akapanda, akamwambia shemeji yake asogee. Ufunguo ataugeuza yeye.

Akaugeuza. Stata ikazunguka mara ya kwanza kwa uvivu, kama mzee anayeamshwa, na mimi nikaliona basi la kunipeleka Gulu machoni pangu. Mama hakuuachia ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika, na nyumba yetu nzima ikatetemeka, vikombe, madirisha, meno yetu. Baba mdogo alianza kulia bila kujificha. Mzee Lado akapiga makofi, akasema, "Ya salaam," akalishika bati la basi kwa kiganja kama anavyoagwa mtu. Tukatoka Hai Malakal huku matone ya kwanza yakipiga kioo.

Tulivuka daraja la mto, mama amesimama nyuma ya kiti cha dereva njia nzima, hataki kukaa. Gumbo tukakuta nyasi ndefu na mawe yetu manne. Baba mdogo akaegesha juu ya mwinuko, akazima injini, akashuka kujinyoosha. Mvua ilikuwa imeshashika. Acen akaanza kufungua kamba za vyombo, mama akamwambia asiguse kitu. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo tena kuona kama tungeweza kuondoka tukitaka. Injini ikawaka papo hapo. Akaisikiliza ikinguruma, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu tumzike baba, kisha akaizima. Akashuka mvuani, akachomoa mpini mwekundu, akauvaa shingoni.

"Haya," alisema, "shusheni sufuria. Tunakaa."